Tulivyompelekea Pole Mke Mwenzangu Msituni

Mume wangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitambaa, na kila Jumapili alipanda basi hadi Gongo la Mboto, akapanda jingine hadi Pugu, akaingia msituni, akatembea, akarudi. Nimeyaweka yote hayo katika sentensi moja kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuyatolea maelezo marefu zaidi. Nikimuuliza anakwenda wapi, alisema Pugu. Kufanya nini? Kutembea. Wanaume wengine wakichelewa kurudi huwa na hadithi ndefu yenye pancha, foleni na rafiki aliyelazwa. Yeye hakuwa nayo, na kukosa hadithi ndiko kulikomharibia jina.

Mtaani kwetu Magomeni watu hawatembei, wanakwenda. Wanakwenda sokoni, msikitini, kliniki, harusini. Mtu akitembea bila kwenda popote, wenzake wanamtafutia mahali anapokwenda. Wa kwangu walimpatia mapema: alikuwa na mke Pugu. Ushahidi ulikuwa tele. Raba zake zilirudi na udongo mweupe, maana yake alikuwa anajenga. Alirudi amechoka lakini uso umechangamka, na hilo halikuhitaji mkalimani. Siku moja alirudi na mkwaruzo shavuni, akasema ni mwiba. Jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana, aliutazama ule mkwaruzo kama daktari, kisha akanivutia pembeni koridoni na kunieleza kwamba mwiba una upana wake na ukucha una upana wake.

Mimi shule niliishia la saba, na kazi yangu ni kuuza vifungo na zipu. Sina elimu ya kupima mikwaruzo. Lakini nitasema kweli: maneno yao sikuyaamini, na sikuacha kuyaamini. Jumapili asubuhi nilimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, na jioni nilikagua kama mfuko umerudi. Mwanamke mwingine, nilijiambia, angeubakiza mfuko.

Alifariki kazini, kichwa kikiwa juu ya kanzu ya mtu aliyokuwa anaishona kola. Wenzake wa barazani walidhani amepitiwa na usingizi. Mwenye kanzu alihudhuria mazishi, akalia vizuri sana, halafu akauliza kwa adabu kama mkono wa kushoto ulikuwa umeshaunganishwa.

Msibani wanawake walitandika godoro chini, wakanikalisha upande mmoja, karibu na ukuta. Nilipotaka kusogea katikati, jirani yangu alinishika bega.

"Bakisha nafasi, bibie," aliniambia taratibu. "Mwenzio akija atakaa wapi?"

Basi nusu ya godoro ilimngoja. Kila akiingia mwanamke tusiyemjua, mazungumzo yalikatika na macho yote yakamfuata. Siku ya pili aliingia mmoja mnene, amejitanda kanga mpya, analia kutoka mlangoni. Walimkalisha kando yangu, wakampa uji, wakamsugua mgongo. Alikunywa uji wote ndipo akauliza maiti ni ya nani. Msiba wake ulikuwa mtaa wa nyuma. Mwingine hakutokea tena, na kufikia siku ya kumaliza matanga hukumu ilikuwa imeshapita: mke mwenzangu hakuwa na adabu. Ndoa ya siri ni siri, walisema, lakini kwenye msiba siri inakwisha.

Eda ni ndefu, na mtu aliyekaa ndani ana muda wa kufikiri kuliko inavyomfaa. Kuna siku nilimchukia yule mwanamke. Kuna siku, na hili sikumwambia mtu, nilitamani kweli awepo. Siku nyingine zote za wiki za mume wangu nilikuwa nazijua mimi. Kama kulikuwa na mtu mwenye Jumapili zake, basi na yeye alikuwa amekaa mahali fulani na kipande cha mtu huyo huyo, na tungeweza kuviunganisha. Kama hakuwepo, basi Jumapili zote hizo nilikuwa nimemkagulia mfuko mtu mkweli. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: aliposema anakwenda kutembea, alikuwa ananiambia kweli au ananidanganya? Wa kumuuliza ndiye aliyekuwa amezikwa.

Eda ilipokwisha nilimwambia jirani yangu kwamba Jumapili nitakwenda Pugu kupaona. Kosa langu lilikuwa kumwambia saa za asubuhi. Kufikia adhuhuri kikundi cha kuzikana kilikuwa kimeshakaa kikao barazani, na kikao kilikuwa kimeshaamua. Siwezi kwenda peke yangu kwa mwenzangu, ni aibu. Na tena, yule mwanamke huenda hana habari kwamba mume amefariki. Naye ni mfiwa. Mfiwa haendewi mikono mitupu. Lazima apewe pole, aketishwe, aelezwe taratibu, avishwe kanga, alishwe. Nilijaribu kusema kwamba hatujui kama yupo. Mwenyekiti alinijibu kwamba ndiyo maana tunaenda na chakula; asipokuwepo tutakula wenyewe.

Aliyenishangaza zaidi ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Nilidhani atamtetea mdogo wake. Lakini wifi alikuwa ameshayapima mambo kwa upande wa ukoo. Mwanamume kuwa na wake wawili, alisema, hakuna atakayecheka. Mwanamume kuingia porini peke yake kila Jumapili bila sababu, watu watasema alikuwa anarogwa, au anaroga. "Afadhali awepo huyo mwanamke," alinong'ona. "Na mimi nitampenda tu."

Tukaondoka Jumapili asubuhi, akina mama wanane, sote tumevaa kanga za aina moja kama ilivyo desturi ya kikundi kikienda msibani. Pilau lilikuwa ndani ya sufuria lililofungwa kwa kitambaa, na kwenye basi lilipewa kiti chake, cha dirishani. Mkeka ulibebwa, birika likabebwa, na mfuko wenye doti ya kanga za mfiwa ulishikwa na mwenyekiti mwenyewe.

Kwenye geti la msitu tulikuta kundi la vijana kutoka mjini. Wote walivaa fulana za rangi moja na raba ambazo hazijawahi kukanyaga kitu. Walikuwa wanapiga picha. Wanaruka juu, wanapiga. Wanainama kama wanaofunga kamba za viatu, wanapiga. Mmoja alijipaka maji usoni yawe jasho. Binti mmoja alituona tunashuka na kanga zetu za aina moja, akafurahi.

"Shikamooni mama zetu. Nyie ni klabu gani?"

"Sisi ni msiba," alijibu mwenyekiti.

Mwongozaji wa msitu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amevaa kofia ya kijani na buti. Alitusalimia, akatuuliza tunataka njia fupi au njia ndefu. Wifi akauliza zinaenda wapi. Mama akasema fupi inapita bondeni, ndefu inapanda kilimani, na zote mbili zinarudi hapa getini.

Wenzangu walitazamana. Wifi aliomba arudiwe. Akarudiwa. Njia ilikuwa imefyekwa, imewekewa mawe pembeni na vibao, kwa ajili ya kumtoa mtu hapa na kumrudisha hapa. Mmoja wetu aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kusimama hapa hapa.

Mwenyekiti hakuwa amekuja kujadili njia. Alimweleza mama yule kwamba tunamfuatilia mzee mmoja anayekuja Jumapili: mrefu, kofia ya kufuma, raba za bluu zilizopauka, mfuko wa mihogo. Na mwongozaji akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoleta balaa.

"Yule namjua sana," alisema. "Mbona siku hizi haonekani?"

Wifi alinifinya mkono hadi nikaumia. Nilimtazama yule mama kama nilivyokuwa sijawahi kumtazama mwanamke mwenzangu. Nilimwangalia kucha. Zilikuwa fupi. Kabla sijafungua mdomo, mkeka ulikuwa umeshatandikwa, mama wa watu ameketishwa juu yake na buti zake, kanga mpya iko mabegani, na akina mama wamemzunguka wanampa pole, Mwenyezi Mungu akupe subira, hukupewa taarifa lakini hilo si kosa lako, sisi hatuna ubaya na wewe, wewe ni mwenzetu.

"Pole ya nini jamani?" aliuliza.

"Mumeo, dada," mwenyekiti alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Mumeo amefariki."

Rangi ilimtoka. Alisema amemwacha asubuhi anakunywa chai. Alitoa simu mfukoni, akapiga, na sisi tukanyamaza kwa heshima tukimsubiri akubali. Simu ikapokelewa. Sauti ya mwanamume ilitufikia sote pale mkekani, nzima na yenye hasira, ikiuliza chumvi imewekwa wapi.

Ilichukua muda kuyanyoosha. Mwenyekiti alieleza, wifi akamsahihisha, wengine wakaeleza upya. Mwongozaji alipoelewa kwamba aliyefariki ni yule mzee wa mihogo, na kwamba yeye amechukuliwa kuwa mjane wake, hakucheka wala hakukasirika. Alivua kofia. Wenzangu wakaanza kukonyezana, kwa sababu mwanamke asiyehusika, kwa hesabu zao, angetukana.

Nikaona nikiacha wao waulize sitajua kitu mpaka na mimi nizikwe. Nikapiga magoti mbele yake.

"Dada, mke wake ni mimi," nilisema. "Niambie kweli, sitakuchukia. Alikuwa na mtu huku?"

Alinitazama vizuri. "Hakuwa na mtu, mama. Alikuwa anakuja peke yake, anatembea njia ndefu, anarudi, anaondoka."

"Na wewe mlikuwa mnaongea nini?"

"Akipita anasema habari za asubuhi. Akirudi anasema asante. Siku moja nilimuuliza kama hana wa kufuatana naye, akasema nyumbani watu ni wengi." Kisha akageuka kwa wale wengine. "Na mimi mume ninaye, mmemsikia wenyewe. Huyo mmoja kelele zake zinanitosha."

Nilimwamini. Wenzangu nao walimwamini, lakini nusu: yeye si mke, sawa, hilo halikumaanisha mke hayupo. Wifi alisema njia ni ndefu, na mtu anaweza kujenga katikati. Mwongozaji aliapa kwamba ndani ya msitu hakuna anayeruhusiwa kujenga. Wifi akasema hata bonde la Jangwani hairuhusiwi, na watu wamejenga. Ikaamuliwa kwamba tuitembee yote tuone kwa macho yetu.

Hivyo ndivyo kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu kilivyopanda vilima vya Pugu, wengine na kandambili, mmoja na viatu vya kisigino, sufuria likipokezanwa kichwani, tukitafuta nyumba. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Kila kichaka kilichosongamana kilichunguzwa. Palionekana kamba imefungwa kati ya miti miwili, mwenyekiti akatangaza kwamba ni ya kuanikia nguo. Mwongozaji akasema ni mmea unaotambaa, na tulipoukaribia kweli ulikuwa na majani. Kanga zilinaswa na miiba. Wifi alikwaruzwa mkono, akautazama mkwaruzo kwa muda mrefu, halafu akamtazama mwenyekiti.

Kilima kilipokaza, pumzi ziliisha, na maneno yakaisha pamoja na pumzi. Nimeishi na jirani yangu koridoni miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa karibu naye akiwa kimya na hajalala. Nikasikia. Majani juu yanasuguana. Ndege mmoja anaita, anangoja, anaita tena. Mbali sana, honi ya treni. Halafu hakuna kitu.

Mtu aliyewahi kukaa kutwa Kariakoo atanielewa. Barazani kwa mume wangu kulikuwa na vipaza sauti vitatu, cha viatu, cha vyombo na cha dawa ya mende, kila kimoja kimerekodiwa sauti inayorudia bei ile ile kuanzia kufungua hadi kufunga. Alikuwa anashona katikati ya vyote vitatu. Usiku alirudi kwenye nyumba ya vyumba sita na redio sita. Nilisimama pale kilimani nikafikiri kwamba nimemfahamu. Halafu nikakumbuka kwamba nyumbani watu ni wengi, na mmoja wa hao wengi ni mimi. Alikuwa anaikimbia Kariakoo, au ananikimbia mimi, au hakuwa anakimbia chochote? Njia haikuniambia. Hata mwongozaji hakujua, na haikuwa kazi yake kujua.

Tulipita kilele, tukashuka, tukapita bwawa, tukapinda, na mbele yetu likatokea lile lile geti. Vijana wa fulana walikuwa bado wanapiga picha. Hapakuwa na nyumba. Akina mama walikaa chini, wakavua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusikia habari za mke mwenzangu, hakuna aliyemtaja.

Pilau likafunguliwa. Mwongozaji alialikwa, akala na sisi, na mwenyekiti alikataa katakata kuzipokea zile kanga mwongozaji alipozirudisha. Alisema zimeshatoka kwa nia ya pole na haziwezi kurudi mjini. Azivae, kifo hakikosi nyumba. Mama yule alizikunja akazishika kwa uangalifu kama zitakazomletea mkosi.

Tulipobaki wenyewe kusubiri basi, likaja suala ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mtaani walijua tumekwenda. Wangeuliza. Kikundi kizima, na sare, na sufuria, kimekwenda kumpa pole mwanamke ambaye hayupo.

Wifi alipendekeza tuseme alihama. Yupo, lakini alihama baada ya kusikia habari, kwa huzuni. Mwingine akaona ni bora tuseme ameolewa tena. Wote waliniangalia mimi, na walikuwa wananiomba kwa upole kabisa. Ni wanawake walionilisha eda nzima. Hawakuwahi kuniomba kitu.

"Semeni alikuwa anatembea," niliwaambia.

"Nani atatuelewa?" mwenyekiti aliuliza, na nilijua swali lake ni la haki. Alitazama miguu yake iliyojaa vumbi jeupe, akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka. "Sukari," alisema. "Daktari alimwambia atembee. Hakutaka kukupa wasiwasi, akanyamaza. Si uongo mkubwa. Kutembea ni kule kule."

Wote wakapumua. Hata wifi aliridhika, kwa sababu sukari ni ugonjwa wa watu wenye heshima zao. Nikasema hakuwa na sukari. Wakaniambia mimi ningejuaje, si alinificha. Basi likafika tukapanda, na mimi ndani ya basi nikarudia kwamba hakuwa na sukari, lakini wao walikuwa wameshaanza kukumbuka jinsi alivyokuwa anakunywa maji mengi.

Nyumbani mama mwenye nyumba alikuwa ametungoja barazani na kiti chake kimegeuzwa kuelekea tunakotokea. Alipokea salamu haraka haraka, akauliza kama tumemkuta.

Mwenyekiti alisema hapakuwa na mwanamke yeyote, tumezunguka msitu mzima kwa miguu yetu. Hilo alilisema kwa sauti, ili na wa nyumba ya pili wasikie, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Halafu akashusha sauti, akasema ilikuwa sukari.

Mama mwenye nyumba alishika kifua. "Masikini. Kumbe siku zote hizo mzee alikuwa anaumwa," aliniambia. "Pole sana, mwanangu. Na sisi tunasema mengine."

Ningeweza kuitikia ahsante. Jina lake lilikuwa limeshasafishwa, na watu wote walikuwa wamechoka.

"Hakuwa mgonjwa, mama," nilisema. "Alikuwa anapenda."

"Anapenda nini?"

"Kutembea."

Alinitazama, akangoja niendelee. Mwenyekiti naye alingoja, sufuria tupu likiwa mkononi. Sikuwa na zaidi ya hilo, nikawapita, nikaingia ndani kunawa miguu.